Mgeni Akiuliza Mbeya Kunaliwa kwa Shilingi Ngapi

Kabla mgeni hajapanda ndege, barua pepe yake hunifikia ikiwa na swali lilelile: kwa mwezi, mtu anaishi Mbeya kwa shilingi ngapi? Mimi ni afisa utawala wa mradi wa kilimo, ofisi zetu ziko mtaa wa Forest hapa Mbeya, na kupokea wageni ni sehemu ya ajira yangu. Nimepokea Waholanzi waliokuja kwa ajili ya mbegu za viazi, daktari wa mifugo kutoka Ujerumani, wahasibu wa Kenya, Mmalawi wa maabara ya udongo na fundi pampu kutoka India. Nawatafutia nyumba, nawapeleka sokoni Mwanjelwa, nawaonyesha pa kula. Mwezi wa kwanza ukiisha nakaa nao kusikiliza mshangao wao: dada, chakula rahisi namna hii, mbona pesa imekwisha?

Siku hizi nalijibu swali kwa swali. Unalipwa kwa pesa gani? Wengine hudhani nawachimba. Lakini mwaka 2024 niliona kwa macho yangu jinsi bei zinavyoweza kubadilika bila muuzaji yeyote kugusa bei. Dola ilipanda mwaka huo hadi ikapita shilingi 2,700, na wageni wetu wanaolipwa kwa dola wakawa wanatembea kifua mbele. Kabla mwaka haujaisha ikashuka hadi karibu 2,400. Kodi ya nyumba ileile, nyanya zilezile, ila mshahara umepungua. Mmoja alikuja ofisini kwangu akiwa na uhakika kwamba benki imemwibia.

Kwa Mmalawi ilikuwa mbaya zaidi. Sehemu ya mshahara wake iliingia nyumbani kwa kwacha, na Novemba 2023 Malawi ilishusha thamani ya kwacha kwa asilimia 44 kwa siku moja. Kila alichozoea kukinunua upande wetu wa mpaka wa Kasumulu kikawa ghali kwake ghafla, ilhali mama wa Kyela anayemuuzia mchele hakuongeza hata shilingi mia. Wakenya nao wana hesabu yao. Shilingi yao moja ni kama ishirini za kwetu, basi wiki ya kwanza wanacheka kwa wingi wa sifuri, wiki ya pili wanagawanya kila kitu kwa ishirini na kuona kila kitu ni bure, na wananunua kama watu waliofika peponi. Mwezi wa pili wanaacha kugawanya, na hapo ndipo wanaanza kununua kwa akili.

Kinachomvunja mgeni mgongo ni nyumba. Wenye nyumba wetu wanataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na wengi wanataka mwaka mzima. Mtu aliyezoea kulipa kila mwisho wa mwezi anakutana na hesabu hii kabla hajanunua hata kijiko. Juu yake dalali anataka kodi ya mwezi mmoja, hata kama alichofanya ni kukuonyesha geti. Na nyumba yenyewe ukikabidhiwa ni kuta, milango na masinki. Jiko la kupikia halimo, jokofu halimo, taa nyingine zimeng'olewa na mpangaji aliyetangulia pamoja na fito za mapazia. Miaka ya nyuma nyumba za Uzunguni na Forest wageni walitajiwa bei kwa dola, na kila tukitaka kupunguziwa tulikuwa tunabishana kwanza ni dola ya siku gani. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2025 zimepiga marufuku kutaja bei na kulipana kwa fedha za kigeni ndani ya nchi, kwa hiyo sasa tunabishana kwa shilingi. Bei haikushuka kwa sababu hiyo, ila angalau mgeni na mwenye nyumba wanaongea juu ya namba moja.

Ninachowasihi ni kwamba wasikimbilie nyumba kubwa. Mgeni mmoja asiye na familia anaonyeshwa nyumba ya vyumba vinne Isyesye yenye uwanja na mandhari ya mlima, anaona kodi yake ni ndogo kuliko chumba kimoja cha kwao, anasaini. Halafu inakuja mishahara ya mlinzi na wa bustani, tangi la maji la akiba kwa sababu bomba likikatika linakatika, na mafuta ya gari kwa sababu ofisi iko upande mwingine wa mji. Mafuta haya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo kila mwezi, kila mji na bei yake, na sisi tulio kilomita zaidi ya 800 kutoka bandarini tunalipa pia gharama ya lori lililopanda Kitonga kutuletea. Tangu ujenzi wa barabara ya njia nne ya Nsalaga hadi Ifisi uanze, foleni nayo inakunywa mafuta. Wale waliokubali nyumba ndogo ya uani Block T au Soweto, jirani na daladala na bajaji, ndio wanaomaliza mwezi wakiwa na kitu mfukoni.

Halafu kuna baridi. Hakuna anayeiuliza kwenye barua pepe, maana wanajua wanakuja Afrika. Mji huu uko kwenye mwinuko wa mita kama 1,700, na kati ya Juni na Julai asubuhi unatoa pumzi unaiona. Mjerumani wetu alikuwa anatetemeka kuliko walinzi. Akaniambia kwao baridi inakaa nje, hapa inalala na wewe kitandani. Nyumba zetu hazina chochote cha kuzipasha joto, na dirisha la vioo vya kupangana halijawahi kuzuia upepo wa Loleza. Kwa hiyo wananunua hita ya umeme. Hapo LUKU, umeme wa kulipia kabla, inawafundisha. Mteja wa matumizi madogo, yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, hulipa kila uniti kwa bei ya chini sana. Ukivuka, uniti moja inakugharimu karibu mara tatu au zaidi. Hita moja iliyowashwa kila jioni inakuvusha kabla ya tarehe kumi. Nawapeleka kwenye mitumba ya Mwanjelwa wakanunue makoti mazito, mengi yake yametoka hukohuko kwao, na blanketi mbili. Na nawakataza kabisa kuingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha. Hilo sisemi kwa utani, kila msimu wa baridi redio inatangaza msiba wa namna hiyo.

Sasa tuje kwenye kula, ambako ndiko wageni wana hofu kubwa na hasara ndogo.

Mbeya si mji wa watalii. Ukitaka kuelewa hoteli zetu, simama Mafiati jioni uangalie nani anaingia kula. Ni wafanyabiashara wa Zambia wanaotoka au kwenda Tunduma, madereva wa malori ya Kongo, Wamalawi waliokuja kununua bidhaa, mawakala wa mchele, ndugu wa wagonjwa wa Hospitali ya Rufaa. Hao ndio wageni wanaozilisha hoteli za Mbeya, na wanataka ugali mkubwa, samaki mzima, na kuondoka. Ndiyo maana mtu akija na picha kichwani ya mgahawa wenye mishumaa na supu ya uyoga anahangaika. Iringa ni tofauti kidogo. Kwa sababu ndiyo lango la Hifadhi ya Ruaha, utapata pale sehemu zilizozoea ulimi wa mgeni. Neema Crafts, iliyoanza mwaka 2003 na vijana viziwi, ina mkahawa ambao wahudumu wake wengi ni viziwi, na unaagiza kwa kuandika au kwa ishara. Nikienda Iringa kwa semina nawapeleka pale, na nimegundua kwamba mgeni anayeona aibu kuongea Kiswahili chake cha kuvunjika anaagiza kwa raha zaidi pale kuliko popote.

Kwa Mbeya, sheria yangu ya kwanza ni kuacha menyu. Menyu ya hoteli nyingi za kwetu ni orodha ya vyakula ambavyo mpishi anavijua. Kama viko jikoni leo ni habari nyingine. Mgeni anaifungua, anasoma ukurasa hadi ukurasa, mhudumu amesimama pembeni kwa adabu na mikono nyuma. Samaki wa nazi? Ameisha. Spageti? Imeisha. Kuku wa kukaanga na uyoga? Naye ameisha, ingawa tangu Krismasi hakuna aliyempika. Baada ya nusu saa wanafikia palepale: chipsi kuku au wali nyama. Nawafundisha kuanza na mwisho: "Dada, leo jikoni kuna nini?" Utajibiwa ukweli, na utakula ndani ya dakika kumi chakula cha moto kilichopikwa kwa ajili ya watu wengi.

Ukitaka cha peke yako, piga simu mapema. Kuku wa kienyeji akiagizwa saa saba, saa saba ndiyo anakamatwa. Fundi wetu wa India, ambaye hali nyama kabisa, alihangaika miezi mitatu akiletewa maharage yenye mchuzi wa ng'ombe kwa nia njema kabisa, hadi tulipompata mama mmoja Sokomatola aliyekubali kumpikia kila siku kwa oda: makande, njegere za nazi, ndizi na mchicha wa karanga. Analipa kwa wiki, kwa simu. Kwa mwezi mzima hesabu yake ya chakula cha mchana ni ndogo kuliko jibini na mkate wa Mholanzi wa wiki mbili.

Na jibini nalo lina hadithi. Wageni wengi wanaagiza vitu vyao kutoka Dar es Salaam, vinasafiri na basi usiku kucha kwenye boksi la barafu, na kila kitu kinafika na bei ya safari ndani yake. Wakati huohuo Njombe kuna kiwanda cha maziwa kilichojulikana kwa jibini la Kitaliano, Iringa kuna kiwanda cha maziwa cha Asas, na maziwa ya Rungwe yanapita mbele ya geti lao asubuhi kwenye madumu. Kahawa ndiyo inayoniumiza zaidi. Mbozi hapo jirani inalima kahawa inayokunywewa Ulaya, halafu hoteli ya mjini inakuletea maji ya moto, kikopo na kijiko. Mgeni anayetaka kikombe cha haki anapanda hadi Utengule, juu ya Mbalizi, kwenye mashamba yenyewe, na analipa bei ya mandhari. Mimi nawaambia wanunue iliyosagwa, wajipikie nyumbani, wabakishe Utengule kwa siku ya kujipongeza.

Bei zenyewe, wakati naandika haya, ziko hivi. Kwa mama ntilie sahani ya wali, maharage na mboga ya majani ni 2,000 hadi 3,000. Ukiongeza nyama au samaki, jumlisha elfu moja au mbili. Ndizi za Tukuyu na nyama, zile zilizopondeka kidogo na mchuzi umezama, 4,000 hadi 5,000. Chipsi mayai ya kibandani haizidi sana 3,500, na viazi vyake vimetoka Uporoto au Umalila, havina safari ya kulipia. Hoteli yenye vitambaa mezani inakupeleka 15,000 hadi 30,000 kwa mtu, na piza iko humo humo. Tofauti hii ya mara kumi ndani ya mtaa mmoja ndiyo mgeni anapaswa kuijua. Anayekula mchana kwa mama ntilie na usiku kupika mwenyewe hawezi kufilisika kwa chakula hapa hata akijitahidi. Anayekula hotelini mara mbili kwa siku anatumia kama yuko ng'ambo, na bado anasubiri saa nzima.

Saa nazo zina bei. Chakula cha mama ntilie kizuri kinaliwa kati ya saa sita na saa nane. Mgeni anayetoka ofisini saa tisa anakuta masufuria yanaoshwa, anaishia hotelini. Usiku mambo ni ya moto na kilo: nyama choma, kitimoto (yaani nguruwe), kuku, ndizi za kuchoma. Kitimoto ya Mbeya ina wafuasi wake na hainunuliwi kwa sahani. Unaonyeshwa nyama mbichi, unasema nusu kilo, unasema kavu au rosti, inapimwa mbele yako, ndizi zinaongezwa. Nusu kilo inawashibisha wawili. Mgeni aliye peke yake anaagiza kilo kwa kutojua, halafu anaigawa kwa meza nzima ya jirani, na kesho yake ana marafiki wapya wengi ajabu. Mhasibu wetu Mwislamu kutoka Mombasa alikuwa na wasiwasi wa kuchanganyiwa, lakini vibanda vya kitimoto huwa na moto wao na wateja wao, na mama ntilie wengi Waislamu wa karibu na misikiti walimchukua kama mtoto wao.

Sokoni pia nawapeleka mimi mwenyewe mara ya kwanza. Wote wanaogopa bei ya mzungu. Ipo, sitadanganya. Lakini kwenye fungu la nyanya ziada yenyewe ni shilingi mia tano, na muuzaji akikuona mara ya tatu anaanza kukuongezea mbili juu ya fungu. Mama wa mboga pale Soweto alimwambia Mholanzi wetu, "Mwanangu, leo usinunue hizi, zimenyeshewa, njoo Jumanne." Kwa maneno hayo amemwokolea zaidi ya alichowahi kumzidishia. Viazi vinauzwa kwa sado, ile ndoo ya rangi, na macho yako yawe kwenye kilele. Kilele ndiyo punguzo. Msimu ndio unaoamua kila kitu: mvua za kati ya Novemba na Aprili zikizidi, nyanya zinaoza shambani na bei inaruka, kama Ilula wanazo basi tunategemea lori lao, vitunguu vinatoka Ruaha Mbuyuni. Mgeni anayetaka saladi ya nyanya siku zote 365 analipia ubishi wake. Parachichi za kienyeji, zile kubwa za Rungwe, zikiwa na msimu unaweza kupata moja kwa mia mbili au tatu, na kuna Mkenya aliyezila asubuhi, mchana na jioni hadi mke wake akanipigia simu kuuliza kama huku kuna njaa.

Hasara iliyonifanya nianze kuandika haya haikutokana na bei ya kitu chochote. Ijumaa moja Mholanzi mpya alitoka ofisini kwake akiwa na furaha, akasema kwa Kiswahili chake, "Jamani, twendeni tukale nje leo!" Tukaenda saba, pamoja na dereva na binti wa mapokezi. Watu wakaagiza kwa moyo mweupe: samaki wa Ziwa Nyasa, kuku, juisi, mtu akaongeza soda. Bili ikaja 168,000. Bwana akatoa simu, akafungua kikokotoo, akatangaza kwa uso wa tabasamu: "Ishirini na nne kila mmoja." Meza ikanyamaza. Dereva alikuwa ameshika glasi, akaiweka chini taratibu kama mtu aliyesikia habari za msiba. Chakula chake cha mchana cha kila siku ni 2,500, na binti wa mapokezi alikuwa amebeba nauli tu. Mimi nikainama upande wa Mholanzi nikamwambia kwa Kiingereza kwamba kwetu mwenye kusema twendeni ndiye mwenye kulipa. Masikio yalimwiva, akalipa yote, na njia nzima kurudi aliomba radhi ambazo hakuna aliyekuwa anazihitaji.

Ijumaa iliyofuata dereva akamwambia, "Bosi, leo twende wote." Akampeleka kwa mama mmoja Kabwe, ndizi na maharage na kipande cha nyama, sahani mbili. Mholanzi akatoa noti, dereva akaikunja akairudisha mfukoni mwake. "Leo ni yangu." Akalipa 7,000 akiwa amenyooka mgongo. Tangu siku hiyo wale wawili hupokezana, hoteli mwezi huu, mama ntilie wiki ijayo, na naona ndivyo ilivyo haki: kila mtu analipa kwa kipimo cha mfuko wake, na hakuna anayeitwa ombaomba. Wageni wangu wapya nawaambia hivi wazi. Usialike meza usiyoweza kuilipia, na ukialikwa kwa mama ntilie usimpokonye mwenzako heshima yake.

Bili yenyewe ichunguzwe, hata hivyo. Kama chini ya hesabu wameongeza VAT ya asilimia 18, dai risiti ya mashine. Anayekuongezea kodi bila risiti anajiongezea mwenyewe. Hela ya soda kwa mhudumu si lazima, elfu moja au mbili mkononi mwake zinatosha na zinakumbukwa. Lipa kwa simu inakubalika karibu kila mahali sasa, hadi kwa muuza chipsi, ila ukitoa pesa taslimu kwa wakala kidogo kidogo, makato yanakula polepole bila kelele.

Kitu kingine ambacho hakimo kwenye bajeti ya mgeni yeyote ni michango. Ukikaa Mbeya miezi mitatu ukawa mtu wa watu, kadi zinaanza kuingia: harusi ya mdogo wake mhasibu, send-off ya binti wa mlinzi, kipaimara, msiba. Kadi ya harusi ina single ya mtu mmoja na double ya wawili, na mgeni siku zote anaandikiwa double kabla hajaulizwa. Kamati inampigia. Kamati inamkumbusha. Daktari wa mifugo alikuwa na mwezi mmoja wenye harusi nne, akasema kwao anaolewa mtu mmoja tu kwa wakati. Mimi nina maoni yangu hapa, na wenzangu hawayapendi: kamati zetu zimezidi. Lakini msiba ni kitu kingine. Pale hata elfu tano na kukaa kwenye mkeka nusu saa vinapokewa, na ukija kuugua wewe, utashangaa ni nani waliofika na chupa ya uji. Nawashauri wajiwekee kiasi cha mwezi kwa michango, waseme wazi "nina hiki," na wasikimbie. Anayekimbia michango anajikuta anakula peke yake hotelini, kwa bei ya hotelini.

Mkataba ukikaribia kuisha inaanza hasara ya mwisho. Kodi iliyobaki mwenye nyumba harudishi, ndiyo maana siku hizi nabishania kodi ya miezi sita ya kwanza halafu mitatu mitatu, na wapo wanaokubali wakiona mpangaji ni mstaarabu. Vitu vya ndani vinauzwa kwa haraka kwenye kundi la WhatsApp, na kila mnunuzi wa Mbeya anajua tarehe ya ndege yako. Anasubiri. Bei ya kochi Jumatatu si bei ya kochi Ijumaa.

Mkenya wetu wa pili hakukubali mchezo huo. Aliuza mapema, kwa watu wa ofisini, kwa awamu. Jokofu alilichukua dereva, awamu tatu. Mbili alilipa kwa simu. Ya tatu ilikuta ada za shule, akalipa kwa mchele wa Kyela, kilo kwa kilo, kwa bei ya siku hiyo sokoni, nikiwa shahidi. Mkenya akaupakia kwenye basi la Arusha, akavuka nao Namanga, na wiki haijaisha akanipigia kutoka Nairobi: mama mkwe ameupika, majirani wameunusa, nimuulizie gunia zima hadi Nairobi linafika kwa bei gani.